Visanduku Vinavyojua Kunyamaza

Mnaniuliza swali lile lile kila mara, na mnaliuliza mkiwa mmeshapanda paa, mmeshafungua kifuniko na kuchungulia ndani kama watu wanaotafuta nyoka: "Shosho, mbona hii kitu imenyamaza? Imekufa?"

Haijafa. Inasikiliza. Funga kifuniko na ushuke polepole, maana vigae vya Kaloleni ni vya zamani kuliko mimi na havina spea. Ukishafika chini nitakueleza kwa nini nilitumia karibu mwaka mzima kuvifundisha visanduku sabini na viwili kunyamaza, na kwa nini nusura viondolewe vyote juu ya mapaa haya. Ni sabini na viwili. Nilivihesabu nikipanda na nikavihesabu nikishuka.

Kwa wasionijua, mimi ni Mutheu, fundi wa redio. Wengi huniita Mama Kioko, ingawa Kioko mwenyewe siku hizi anakaa Njiru na haonekani huku mpaka kitu chake kiharibike. Nimefanya kazi ya redio miaka thelathini na mmoja. Siku ya kustaafu walinipa saa ya ukutani. Ilikuwa inachelewa dakika nne. Niliifungua usiku huohuo, nikairekebisha, nikaitundika. Hayo ndiyo mapumziko niliyopumzika.

Nitaanza na aibu yangu, kwa sababu najua mtaisikia kwa wengine na wao wataiongezea chumvi.

Nilipoajiriwa nilikuwa mtu wa kukaa kwenye kipaza sauti katika kampuni moja ya ulinzi, ambayo siitaji. Tulikuwa na malindo ishirini na mawili, kila lindo na askari wake, kila askari na redio yake ya mkononi. Asubuhi moja lori la mteja likaibwa. Nikapewa namba yake na nikaambiwa niwajulishe wote haraka. Mimi, kwa bidii ya mtu mpya, nikabonyeza na kusema: "Kila anayenisikia arudie kwa wenzake."

Walirudia. Wanaume ishirini na wawili walibonyeza kwa pamoja. Kilichotoka kwenye spika yangu ni sauti ya bisi zikirukaruka kwenye sufuria. Hakuna aliyemsikia mwenzake. Kila mmoja, alipoona hajajibiwa, akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi, kana kwamba redio inajua kidole kimebonyeza kwa hasira. Lori lenyewe lilipita mbele ya askari wawili, kwa mwendo wa kawaida, dereva akawapungia mkono. Wao walikuwa wameinamisha vichwa, wanalitangaza.

Fundi wetu mkuu alikuwa Mzee Wanyonyi, mtoto wa mfanyakazi wa reli, mzaliwa wa hapahapa Kaloleni. Hakunipigia kelele. Alinitolea kiberiti mfukoni.

"Leo hugusi kipaza sauti," akasema. "Ukisikia neno jipya hewani, weka njiti mezani. Ukilisikia neno hilohilo kwa mtu mwingine, weka ya pili pembeni yake."

"Halafu, Mzee?"

"Halafu jioni tutaangalia kuni zako."

Jioni meza ilikuwa imejaa. Kulikuwa na maneno yenye njiti moja, machache sana, na maneno yenye njiti saba, nane. Mzee Wanyonyi akavuta kiti.

"Hili lenye nane, ni wangapi walihitaji kulisema?"

Nikafikiria. "Wa kwanza. Na labda wawili."

"Na hawa watano?"

"Walitaka ionekane wako kazini."

"Basi hiyo ndiyo kazi yako, Mutheu. Kuwapumzisha hao watano bila kuwatia aibu."

Hiyo ndiyo kazi niliyofanya miaka thelathini na mmoja. Watu wakiniuliza nilifanya nini maishani, nasema niliwanyamazisha wanaume kwa adabu. Wanawake wenzangu hunielewa haraka.

Nyinyi mmekuja na tabia nyingine. Ujumbe usipofika, mnataka kuongeza nguvu. Antena kubwa, betri kubwa, kelele kubwa. Sikilizeni: watu kumi wakizungumza kwa wakati mmoja chumbani, ukiwapa wote vipaza sauti hujawasaidia. Na kila kisanduku kinaporudia neno lisilohitajika kinakula betri yake. Visanduku hivi vinaishi kwa paneli ya sola ndogo kama kitabu cha nyimbo na betri nilizotoa kwenye kompyuta mbovu. Katika msimu wa mawingu, kisanduku chenye mdomo mrefu hufa Jumatano. Kile kinachojua kunyamaza hufika Jumapili.

Mambo mengine ya mkono niyaseme hapa kabla sijasahau. Antena isiguse bati wala gata la mvua. Iinue juu ya mgongo wa paa, ipite dhiraa moja. Ziba tundu la waya kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, gundi ya dukani hupasuka kwa jua. Waya usiache ukining'inia na kumetameta, kunguru wa mtaa huu ni mafundi pia, ila wao kazi yao ni kufungua tu. Na ukimaliza, hesabu skrubu zako ukiwa bado juu. Halafu zihesabu tena.

Sasa tuje kwenye maji, kwa sababu ndiyo yaliyonirudisha juu ya mapaa nikiwa na umri wa kushikiliwa mkono nikivuka barabara.

Mnajua maji ya mfereji yanavyokuja hapa. Hayana siku, hayana saa. Yanaingia kwa bomba kuu pale karibu na ukumbi, na nyumba za mbele, hamsini na nane, zinayapata. Nyuma ya ukuta mkongwe wa mawe, upande wa reli, kuna nyumba kumi na nne zenye mfereji mmoja. Wa nyuma wakijua mapema, wanapata presha nzuri kwa muda mfupi. Wakichelewa, wa mbele wameshafungua kila kitu, na ule mfereji wa nyuma unatoa pumzi tu.

Rafiki yangu Mama Ayuma anakaa huko nyuma. Alikuwa karani wa reli, mwandiko wake bado unanyooka kuliko reli yenyewe, lakini magoti yamemwishia. Siku akiyakosa maji inabidi amwombe mtu amnunulie kwa mkokoteni, na kwa Mama Ayuma kuomba ni kazi ngumu kuliko kubeba. Siku moja nilimkuta anaoshea vyombo maji aliyofulia. Nilirudi nyumbani nikaanza kuchora kwenye bahasha.

Wazo lilikuwa rahisi. Kipimo kwenye bomba kuu, kinachojua maji yakiingia. Kisanduku kidogo cha redio juu ya kila nyumba. Kipimo kinasema "maji", kisanduku cha jirani kinasikia, kinapiga kengele na kumwambia wa pili, wa pili wa tatu, mpaka mwisho. Hakuna mnara, hakuna laini ya simu, hakuna anayelipa bando. Vinaambiana vyenyewe, paa kwa paa. Programu niliiandika mwenyewe. Nilijifunza nikiwa na miaka sitini na minne, kwenye kompyuta yenye herufi tatu zisizobonyezeka. Kuna mtu aliniambia umri wangu umeenda. Nilimuuliza umeenda wapi, mbona mimi sijaona ukifunga mizigo.

Toleo la kwanza nilikiambia kila kisanduku: ukisikia, rudia hapohapo.

Ndiyo, mmeelewa. Baada ya miaka thelathini na mmoja nilirudia kosa la lori, safari hii kwa kutumia kompyuta. Maji yaliingia, visanduku vyote vikafungua midomo kwa pamoja, na habari ikafika nyumba kumi na tisa. Siku ya tatu betri zote zilikuwa zimekauka.

Nikakumbuka njiti. Toleo la pili nikaliandika hivi: ukisikia neno, usirudie papo hapo. Jichagulie muda wa kungoja, mfupi tu, wowote ule, ili msifungue midomo pamoja. Wakati unangoja, hesabu. Ukilisikia neno hilohilo mara mbili kutoka kwa majirani, basi limeshaenea, nyamaza.

Lo, lilitembea. Upande wa mbele habari ilifika kila nyumba, na vilivyorudia havikuzidi ishirini. Betri zikanenepa. Nilijisifu. Nilijisifu dukani, nilijisifu kwa kinyozi, nikaenda kujisifu hadi kanisani, na hapo ndipo Mama Ayuma aliponisubiri mlangoni baada ya ibada.

"Mama Kioko, hayo maji unayotangaza ni ya nani?"

"Ya wote, dada."

"Basi wote ni wa mbele. Sisi wa nyuma tulijua maji yamekuja tulipoona jirani zenu wanaanika nguo."

"Kengele haikulia?"

"Imelia tangu uiweke? Mimi nilidhani ni pambo."

Wiki nzima nilikaa juu ya paa la kinyozi na redio ya kusikilizia. Kinyozi huyo yuko pale penye mwanya wa ukuta, na kisanduku chake, nambari thelathini na moja, ndicho pekee kilichokuwa kinasikika vizuri upande wa nyuma; vingine vichache vya ukutani vilisikika hafifu tu, navyo vilikuwa vinanyamaza mapema. Maji yalipoingia nikakisikia kikisikiliza. Kikasikia kutoka kwa ishirini na tisa. Moja. Kikasikia kutoka kwa thelathini. Mbili. Kikanyamaza. Na nyumba kumi na nne nyuma yake zikabaki hazina habari.

Siwezi kukilaumu. Kilitii. Mimi ndiye niliyekifundisha kuhesabu kimesikia mara ngapi. Sikukifundisha kuuliza nani hajasikia.

Njia ya mkato ilikuwa kukiamuru hicho cha thelathini na moja kisinyamaze kamwe. Niliifuata, na nyumba za nyuma zikapata maji kwa wiki mbili, mpaka kunguru alipong'oa waya wake. Mama Ayuma akanitumia salamu: "Mwambie fundi pambo limerudi kuwa pambo."

Waya niliurudisha, lakini nilikwama hapo muda mrefu. Nilichora, nikafuta, nikachora.

Kisha asubuhi moja, chai ikiwa mezani, mlango ukabishwa. Alikuwa Mama Ayuma mwenyewe, na fimbo yake. Mtu wa magoti yale haji mguu kwa mguu kwa jambo dogo. Nikajua kabla hajasema.

"Mzee Wanyonyi ametuacha," akasema. "Usiku wa kuamkia leo. Nimeambiwa na Mama Nanjala. Yeye ameshapita kwa mwalimu, kwa Mama Odera, na kwa watu wote wa kona. Mimi nimewaambia wa mferejini kwangu. Kwako wamebaki nani?"

Nilikuwa nalia, na nikajibu bila kufikiri: "Wamebaki upande wa ukumbi. Na mwenyekiti."

"Basi hao ni wako. Kwa Odera usiende, wameshalia."

Akageuka na fimbo yake. Nikajifunga leso nikaenda upande wa ukumbi.

Hivyo ndivyo habari ya msiba inavyotembea Kaloleni tangu nikiwa msichana. Ukimpasha mtu habari, unamtajia nyumba ambazo tayari zimeshasikia, ili asiende kuwaliza watu mara ya pili. Naye anapiga hesabu ya anaowajua, anawatoa uliowataja, na waliobaki ndio safari yake. Asipobaki mtu, anakaa chini na kuanza kupika. Hakuna aliyetufundisha darasani. Na sijawahi kusikia nyumba imesahauliwa kwa msiba, wala za nyuma ya ukuta.

Niliporudi nilikaa na ile chai ikiwa imepoa. Nikatoa kiberiti kwenye droo, nikaanza kupanga njiti, kila njiti nyumba. Sikuwaza redio mwanzoni. Nilikuwa nawaza tu nani alimwambia nani kuhusu Mzee. Nilipofika kwa Mama Ayuma nikasimamisha mkono.

Toleo la tatu nililimaliza kabla ya matanga kuisha, na hadi leo sijaligusa. Kila kisanduku, kila baada ya dakika kadhaa, kinasema neno moja fupi: nipo, na majirani ninaowasikia ni hawa. Kwa hiyo kila kimoja kinajua majirani zake, na kinajua majirani zao pia. Neno la maji likija, kisanduku kinaangalia limetoka kwa nani. Kinamfuta huyo kwenye orodha yake, na kinawafuta wote ambao huyo angewafikia. Kikisikia tena kwa mwingine, kinafuta tena. Muda wa kungoja ukiisha, kama orodha imekwisha, kinakaa kimya. Kikibaki na jirani hata mmoja ambaye hajafikiwa, kinasema, hata kama kimesikia neno hilo mara kumi. Na kisanduku kikifa, "nipo" yake inakosekana, wenzake wanakifuta na kupanga upya njia zao. Hakuna mkubwa. Hakuna wa thelathini na moja.

Nililiwasha. Nyuma ya ukuta kengele zikalia. Mama Ayuma akatuma salamu fupi: "Limeacha kuwa pambo."

Mngedhani mambo yaliishia hapo. Wiki iliyofuata mwenyekiti wa kamati ya mtaa, Bwana Mutiso, akaniita ukumbini. Ni Mkamba mwenzangu, karani mstaafu, ana penseli sikioni hata akiwa kwenye harusi. Pembeni yake alikaa bwana mmoja wa makamo, kitambulisho kinaning'inia shingoni, amekuja kuuza huduma ya matangazo ya mtaa kwa simu.

Sina ubaya naye. Alinisalimu vizuri. Alisema huduma yao ni ya kisasa, kila mwenye simu ya kioo atapata habari za maji, za mikutano, hata za misiba, mradi awe na bando. Ila kampuni yake haiwezi kuingia mahali ambapo kuna mtambo mwingine. Watu wangechanganyikiwa.

"Kwa hiyo, Mama Kioko," mwenyekiti akasema, "hakuna anayekudharau. Tunasema tu visanduku vitoke Jumamosi."

"Jumamosi ipi?"

"Hii inayokuja."

"Hii siwezi. Na ile ya baada yake siwezi. Nitajie zote, mwenyekiti, nitakupa jibu la kila moja."

Yule bwana akatabasamu. "Mama, hivi vitu nimeviangalia. Muda mwingi havifanyi kitu. Vimekaa tu kimya."

"Nawe ungekaa kimya kidogo ungesikia kitu," nikamwambia. "Nyuma ya ukuta kuna nyumba kumi na nne. Simu za kioo ziko mbili, na moja ni mbovu, iko kwa fundi wa simu. Waliobaki wana kabambe, simu za vibonyezo. Hao wakitaka maji waje wakusome shingoni?"

Mwenyekiti akakohoa. Akasema kamati inataka ushahidi, haiwezi kwenda kwa maneno ya mtu na jirani yake. Hapo nikajua tumefika sokoni, na sokoni mimi ni mwenyeji.

"Tuvijaribu," nikasema. "Lakini kwa maji yenyewe, siyo kwa habari ya kutunga. Siku yakija, yakija."

"Na niruhusiwe kuzima baadhi bila kukwambia," Mutiso akasema. "Maana umesema kikifa kimoja vingine vinapanga upya. Nizime kumi."

"Kimoja."

"Kimoja ni mzaha. Nane."

"Wewe ni mtu mzima, utapanda ngazi mara nane? Viwili."

"Tano."

"Vitatu, na uvichague wewe, popote, nami nisijue. Halafu baada ya maji tunakwenda nyuma ya ukuta, tunahesabu mitungi kwenye mfereji, mmoja kwa kila nyumba. Ikiwa kumi na nne, visanduku vinabaki na hili halizungumzwi tena. Ikiwa kumi na tatu, mtanikuta nimeshika bisibisi, nitavishusha mwenyewe."

Akatoa penseli, akaandika. Nikamwomba asome alichoandika. Nikamwomba asome tena.

Nilipomweleza Mama Ayuma alinitazama kama niliyepoteza akili. "Kumi na nne kwa kumi na nne? Umeacha nafasi ya mtu kuugua? Ya mtu kwenda sokoni Jericho?"

"Sikuacha."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wao wangekubali kumi. Na hao wanne waliobaki wangekuwa akina nani?"

"Wangekuwa sisi wa magoti," akasema.

Siku tano nilikaa ndani kama mgonjwa. Sikupanda paa lolote, nilikuwa nimeahidi. Lakini jioni ya pili nilipita chini ya kwa kinyozi nikaona alama za ngazi kwenye udongo. Mutiso si mjinga. Alikuwa amenisikia kanisani nikilalamikia kisanduku cha thelathini na moja, na hicho ndicho alichokizima kwanza. Vile viwili vingine sikujua viko wapi. Nilirudi nyumbani nikapanga njiti mezani, nikatoa moja, nikajaribu kutoa nyingine mbili, hapa, pale. Mara nyingi njia ilipatikana. Mara mbili haikupatikana. Nikapanga tena. Mara mbili.

Jumanne, kama saa nne asubuhi, stima ikiwa imepotea mtaa mzima, kengele yangu ikalia.

Nilivaa viatu vibaya, kimoja cha kanisani. Nilipofika ukumbini Mutiso alikuwa ameshatoka na penseli yake, na yule bwana wa kampuni alikuwa pale akiwaandikisha watu. Sitawadanganya: simu zililia pia, kwa waliokuwa nazo. Tukangoja kiasi tulichokubaliana, kisha tukaenda watatu mpaka kwenye mwanya wa ukuta. Kisanduku cha kinyozi kilikuwa kimekufa juu yetu, taa yake imezimika.

Nyuma ya ukuta mfereji ulikuwa unamwaga maji mazito, yale yanayopiga kelele kwenye plastiki. Watu walikuwa wanacheka. Mitungi ilikuwa imepangwa msururu. Nikahesabu kutoka mferejini kwenda mwisho. Kumi na tatu. Nikahesabu kutoka mwisho kurudi mferejini. Kumi na tatu.

Mutiso naye akahesabu, midomo ikicheza. Akashusha penseli sikioni. Hakufurahi, hilo nampa. "Mama Kioko," akasema polepole, "ni kumi na tatu."

"Naona."

Yule bwana akatazama viatu vyake. Mimi nilikuwa natazama mlango wa Mama Ayuma. Ulikuwa umefungwa. Katika mitungi yote ile sikuona wa buluu wenye mfuniko mwekundu, na huo naujua, niliufunga mpini mwenyewe kwa waya. Nikawaza: basi ni yeye. Kati ya wote, kisanduku kimemsahau yeye. Nikatia mkono mfukoni kwenye bisibisi, kwa sababu nilikuwa nimeahidi.

Mlango ukafunguka. Mama Ayuma akatoka na fimbo, pindo la leso limelowa mpaka magotini, akatukuta tumesimama kama watu waliokuja kuposa na kusahau jina la msichana.

"Mbona mmepoa hivyo? Nani amekufa?"

"Mtungi wako uko wapi?" nikamuuliza.

"Ndani. Umejaa." Akamtazama Mutiso, akamtazama bwana wa shingo, akarudi kwangu. "Kengele imelia, nikajua watu wenye miguu watanipita. Nikawahi. Kijana wa nyumba ya pili amenibebea mpaka ndani, nami nimeshaosha vyombo. Mlitaka nikae hapa nje niwangojee nyinyi?"

Mutiso aliingia akautazama. Aliinama akaugonga ubavu, ukajibu kwa sauti ya kushiba. Akatoka, akaandika, akanipa karatasi. Kumi na nne. Nikaisoma mara mbili.

"Basi vibaki," akasema. "Vile vitatu nitatuma mtu aviwashe kesho."

"Hapana, mwenyekiti. Aliyezima ndiye apande. Na ni leo."

"Mama Kioko, jua hili."

"Jua hilihili lilikuwepo ukivizima."

Tulimshikia ngazi, mimi upande mmoja na yule bwana wa kampuni upande wa pili, kwa sababu nimeshasema hakuwa mtu mbaya. Mama Ayuma alitoa stuli akaketi mwanyani kutazama. Mwenyekiti akapanda paa la kinyozi, kigae kwa kigae, penseli sikioni. Akafungua kifuniko. Akawasha. Akasubiri. Akachungulia ndani, akatugeukia.

"Mama Kioko, mbona kimenyamaza?"

"Wote wameshasikia," nikamwambia. "Funga kifuniko, ushuke polepole."